Tahadhari: boksi la nyambizi linalouzwa Mombasa, ndani mna chombo kingine

Wenzangu mnaojenga modeli hapa Mombasa, hasa mnaonunua kwa WhatsApp, someni hili kabla hamjatuma pesa. Kuna mtu anauza maboksi ya vipande vya plastiki vya kuunda modeli ya nyambizi, sanamu za wanamaji na epoksi ya kumiminia bahari, yaani dawa ya majimaji inayoganda ikaonekana kama maji. Mimi amenila Sh 12,900, na tangu Jumamosi nimejua kuwa hakunila peke yangu.

Nilikuwa naitafuta I-27, nyambizi ya Kijapani, kwa kipimo cha 1/350, yaani modeli ni ndogo mara 350 kuliko nyambizi yenyewe. Hiyo ndiyo iliyoizamisha meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, upande wa Maldivi. Meli ilikuwa imeng'oa nanga hapa hapa Kilindini kuelekea Colombo, imejaa askari na wauguzi, na kati yao wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Ilizama kwa kama dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Babu yangu alikuwa mpagazi bandarini zama hizo, na mpaka anafariki alikuwa akiwataja vijana aliowaona wakipanda. Mpwa wangu aliposikia kisa hicho akataka tukijenge: I-27 imeshalazimishwa kuibuka na mabomu ya manowari mbili za Kiingereza, Paladin na Petard, na mabaharia wake wanatoka mbio kwenda kushika mzinga ulio nyuma ya mnara. Kwa hivyo sanamu za watu kwetu hazikuwa mapambo. Bila wao hakuna kisa.

Huyu muuzaji nilimpata kupitia tangazo. Mpole, kila sentensi ni "sheikh wangu", akadai ana duka ghorofani karibu na Mwembe Tayari. Akanitumia picha za sanamu zilizopakwa rangi vizuri mno, kofia zinaonekana, hata darubini shingoni. Picha hizo nimezitazama tena baada ya kuumia: nyuma ya meza kuna dirisha, na nje ya dirisha kuna theluji. Picha ya Mwembe Tayari haina theluji, jamani. Nilipoitafuta ile picha kwenye intaneti, nikaikuta imewekwa miaka kadhaa nyuma na fundi wa nchi nyingine.

Mzigo uliletwa na boda wakati wa magharibi. Kijana akasema ameagizwa boksi lisifunguliwe mpaka pesa zitumwe. Nikaangalia nje: picha ni ya I-27, nailoni imekaza, pembe hazijabonyea. Nikatuma Sh 11,400 kwa M-Pesa. Jina lililotokea halikuwa lile alilonipa, nikajiambia labda ni la mkewe.

Tulipofungua, mpwa wangu ndiye aliyeleta rula. I-27 yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 108.7, kwa hivyo kwa 1/350 mwili wake ni sentimita 31. Vipande vilivyokuwemo vilikuwa sentimita 19 na kidogo. Hiyo ni VIIC, nyambizi ya Kijerumani ya mita 67. Na hata bila rula, mwenye kujua angeona: I-27 iliundwa ibebe ndege ndogo, ina banda lake mbele ya mnara na reli ya kuirushia. Hii haikuwa na banda wala reli, na mzinga wake uko mbele. Mtu alifungua maboksi mawili, akabadilisha vilivyomo, akafunga tena kwa nailoni na moto wa draya ya nywele au kitu kama hicho. Kosa la kiwandani halifanani hivyo, maana karatasi ya maelekezo ilikuwa ya I-27 na imekunjwa upya kinyume na mikunjo yake ya kwanza.

Sanamu nazo? Mtu wa kawaida kwa 1/350 anakuwa milimita 5. Hizi zilikuwa milimita 24, askari wa plastiki wa kuchezea waliokatwa bunduki na kupakwa kijivu. Ukimsimamisha mmoja juu ya sitaha ya modeli hiyo, unapata baharia wa mita nane na zaidi.

Nikampigia. Hakukasirika. "Pole sheikh wangu, waliopakia Dubai ndio waliokosea, nitumie 1,500 ya usafiri nikubadilishie." Nikatuma. Hiyo 1,500 ndiyo inayoniuma kuliko ile elfu kumi na moja, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu.

Sasa epoksi, na hapa nawaomba msome polepole, kwa kuwa hapa hasara si ya pesa tu. Epoksi ya kumiminia huja chupa mbili kubwa, na hadina yake, ile dawa ya kuigandisha, huchanganywa kwa kipimo kinachokaribiana, moja kwa moja au mbili kwa moja. Hii niliyouziwa ilikuja chupa kubwa na kijichupa cha matone, lebo imechapishwa kwa printa. Tulikuwa tumeshachonga mawimbi kwa stairofomu, ile ya maboksi ya samaki, tukaona tuendelee na bahari huku tukisubiri nyambizi. Dakika chache baada ya kumimina, mawimbi yakaanza kudidimia. Tukabaki na shimo lenye uji wa kijivu, na harufu ile inayokupiga ukipita wanapounda boti za faibaglasi. Ilikuwa polista, dawa nyingine ya kumiminia, si epoksi. Polista ina kemikali iitwayo stairini ndani yake, na stairini huyeyusha stairofomu na plastiki ya modeli vilevile. Mvuke wake si wa kuvuta chumbani, unashika moto kwa urahisi, na ile hadina ya matone ikiingia jichoni inaweza kumpofusha mtu. Mtoto wa watu nilikuwa naye mezani, madirisha tumefunga ili vumbi lisiingie. Macho yalimwasha mpaka usiku. Kwa hilo simsamehi.

Nilipompigia tena, namba haikupatikana, na WhatsApp ameshanizuia. Mwembe Tayari nimekwenda, nimepanda ghorofa tatu, hakuna duka hilo. Jumamosi nikakutana na ndugu mmoja wa Likoni aliyeuziwa kwa mtindo ule ule, namba tofauti, "sheikh wangu" ile ile.

Anayekuuzia mwambie apige picha ya vipande vyenyewe, rula ikiwa kando na jina lako limeandikwa kwenye karatasi. Akikataa kufungua boksi kabla ya malipo, mwache boda arudi nalo. Dawa yoyote ya kumiminia, tonesha kwanza kwenye kipande cha stairofomu, nje, penye upepo. Mimi nimeripoti kituoni na nina namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yote nimeyahifadhi. Aliyeliwa na mtu huyu aniandikie, tupeleke ushahidi kwa pamoja, na tafadhali usifute ujumbe wake hata kama unakutia hasira.

Na kama kuna mtu amenunua boksi la VIIC akakuta mna mwili wa sentimita 31 wenye banda la ndege, nyambizi yako iko kwangu, haijaguswa na gundi. Tubadilishane.