Miezi miwili na app ya mieleka ya zamani ya Memphis, uzoefu wangu

Wakuu habari za saa hizi. Kuna app moja inakusanya mieleka ya mikoani huko Marekani, zile za kabla Vince McMahon, bosi wa WWF (sasa WWE), hajameza kila kitu, jina naliacha maana nina malalamiko nayo na sitaki kesi na mtu. Dola 6 kwa mwezi.

Mimi ni mtoto wa banda umiza, nimekua na Hogan na Undertaker kwenye kanda za VHS zilizochoka mpaka sura hazionekani, sasa nilivyoona Memphis, mji wa jimbo la Tennessee, nikajua nitamkuta Jerry Lawler tu, yule tuliyemzoea kama mtangazaji. Kweli yupo, kule kwao ni mfalme haswa, na ile ya 1982 aliyompiga piledriver (unambeba mtu kichwa chini unamshindilia sakafuni) mchekeshaji Andy Kaufman ipo. Ila kilichonikalisha mpaka saa nane usiku ni masimulizi ya sauti ya watu ambao sikuwahi hata kuwasikia.

Sputnik Monroe. Mzungu wa Kansas, kichwani ana mstari wa nywele nyeupe, ulingoni ndo adui, wazungu wa Memphis wanamchukia hawamalizi. Miaka ya hamsini mwishoni kwenye ukumbi wa Ellis watu weusi walikuwa wanabanwa huko juu kabisa, viti vichache. Jamaa anavaa suti kali anashuka Beale Street, mtaa wa weusi, anakunywa nao, polisi wanamkamata, anaenda mahakamani na wakili mweusi (enzi zile!), analipa faini, kesho yuko palepale. Halafu akawa anamkatia kitu kidogo anayehesabu watu mlangoni ili ahesabu wachache, huko juu kukajaa hadi hapafai ndo akamwambia promota kama viti vya chini havifunguliwi kwa weusi mimi sipandi ulingoni. Vikafunguliwa. Wapo watakaosema alikuwa anataka mapato ya mlangoni tu, sawa, lakini wenzake nao walizitaka hela na hawakufanya. 1959 alipigana na Billy Wicks uwanja wa Russwood Park, refa ni Rocky Marciano yule bondia, watu zaidi ya 13,000.

Halafu Lance Russell na Dave Brown, watangazaji. Jumamosi asubuhi dakika 90 laivu Channel 5, bure, na Brown ni yuleyule anayesoma hali ya hewa kwenye stesheni hiyohiyo 😂 Kazi ya ile shoo ni kukupandisha hasira ili Jumatatu usiku ukakate tiketi Mid-South Coliseum. Russell hapigi kelele, anaongea kama mjomba aliyekuja kusuluhisha ugomvi wa kifamilia, ndo maana adui akimtukana unajikuta umekasirika wewe.

Aliyenishangaza zaidi ni Mama Christine Jarrett, walimwita Teeny. Alianza kama muuza tiketi wa promota Nick Gulas kule Nashville, akapanda mpaka akawa promota wa miji kama Louisville na Evansville, mwanamke, kwenye biashara ya mibaba ile! Mwanae Jerry Jarrett ndo 1977 aliachana na Gulas, kisa Gulas anamlazimisha mwanae George awe stering wakati watazamaji hawamtaki, Jarrett akaondoka na Lawler na Memphis ikawa yao. Sasa app imempa huyu mama dakika 11. Kumi na moja! Kaufman ana masaa mawili.

Malalamiko mengine: tarehe zimeandikwa hovyo, shoo ya 1979 nimeikuta kwenye 1984. Picha mbovu hiyo nasamehe, nyingi ni kanda za mashabiki waliorekodi majumbani kwao. Ila huwezi kudownload, na bando zetu hizi GB 1 inakata hata pambano kuu halijaanza. Mwezi wa kwanza wamenikata hela mara mbili, kastoma kea wamenijibu baada ya siku 9 na hela imerudi nusu.

Nyota 3. Mwezi wa tatu nalipia kwa ajili ya zile za 1977 tu, nikizimaliza natoa kadi yangu kabla hawajakata tena.