Beringi 6309 C3 kwenye mashine ya kusaga, uzoefu wangu baada ya miezi minne

Mi nina mashine ya kusaga ya nyundo, mota HP 20, iko Morogoro. Ilianza kulia kama filimbi kwa mbali ukiwasha asubuhi, baadae ikawa inanguruma mpaka wamama wanaosubiri unga wanaenda kukaa nje. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye hausingi (kava la chuma beringi inamokaa), mpini sikioni, upande wa pulii nasikia kama mtu anatafuna changarawe.

Fundi wa kwanza akaleta beringi mbili za elfu 25 kila moja, boksi zuri kabisa lina jina kubwa, zikakaa siku 16. Kufungua, keji inayoshikilia gololi imekatika vipande, na hapa ndo nilichoka, shafti imepigwa ponchi vidoti vidoti pale beringi inapokaa ili ishike. Yaani shafti ilishalika zamani, beringi inacheza juu yake, jamaa kaficha na kalipwa. Wenye mashine mnaujua huo mchezo.

Safari hii nikasimamia mwenyewe. Shafti ikaenda kwa fundi kereza, akajaza kwa weldingi akakereza mpaka milimita 45 na kachembe juu yake ili beringi iingie kwa kubana (kwenye namba 6309, ile 09 ya mwisho zidisha 5 unapata tundu la beringi kwa milimita). Beringi nikachukua SKF kwa wakala, elfu 85 moja, roho iliuma, ila niliskani boksi kwa app yao ya SKF Authenticate nione kama sio feki kabla sijatoa hela. Hiyo C3 maana yake ndani, kati ya gololi na ringi, kuna nafasi kubwa kidogo kuliko ya kawaida, na mashine inayoshinda imewaka kutwa nzima inaihitaji, ikipata moto isijibane.

Kuvalisha tulipasha kwenye oili, sufuria kuukuu (mke wangu aliikagua kwanza kama sio yake), beringi inaning'inia kwa waya isiguse chini maana chini kuna moto kuliko oili yenyewe, nyuzi kama 90, usivuke 120 chuma kinapoteza ugumu. Ikateleza yenyewe mpaka kwenye ngazi ya shafti (pale inaponenepa), nyundo haikuguswa. Ukilazimika kugonga, gonga ringi ya ndani tu, ukigonga ya nje nguvu inapita kwenye gololi umeshaiua kabla haijazunguka. Grisi fundi alitaka kushindilia mpaka ifurike, nikamkatalia, theluthi inatosha, ikijaa inachemka.

Halafu zile nyundo za kusagia za mashine tukazipeleka kwenye mzani wa dukani, zinazotazamana zilingane, tukakuta mbili zinapishana gramu 30! Kumbe mashine ilikuwa inatetemeka kwa hilo miezi yote, na beringi ndo zinalipa.

Sasa hivi nasaga mchana kutwa naweka mkono kwenye hausingi haiunguzi, unasikia mahindi tu. Nyota nne. Hiyo moja nimejikata mwenyewe, nilichukua beringi za wazi zisizo na sili (kizuizi cha vumbi), na vumbi la unga limeshaanza kuingia kwenye grisi upande wa pulii, ikabidi nibadilishe sili ya hausingi. Zinazofuata nachukua 2RS C3 zenye raba pande zote, ila hizo ukienda kuvalisha usije ukazichemsha kwenye oili.