Benin: uanzie Ouidah au Abomey?

Benin ni kanchi kembamba kati ya Togo na Nigeria. Ukiwa na nafasi ya kuona mji mmoja tu nje ya Cotonou, jiji kubwa kuliko yote nchini, mabishano huwa kati ya hii miwili.

Ouidah ni karibu, kama kilomita 40, na bodaboda zao, zinazoitwa zemidjan, zimejaa tele. Hekalu la chatu linatazamana na kanisa kuu la Katoliki, barabara tu katikati. Chatu hawana sumu. Utavishwa mmoja shingoni upende usipende. Kisha kuna njia waliyopitishwa watumwa hadi ufukweni, kwenye Lango la Kutorudi. Kila Januari, kwenye sikukuu ya Voduni, dini ya jadi ya huko, mji hufurika.

Abomey ni mbali zaidi, kaskazini, na hakuna bahari. Lakini hapo ndipo walipotawala wafalme wa Dahomey, ufalme wa zamani wa eneo hilo, na majumba yao yako katika Urithi wa Dunia tangu 1985. Tazama michoro ya udongo ukutani: kila mfalme ana alama yake. Ghezo ana mtungi uliotoboka. Maji yatakaa humo iwapo tu watoto wote wa nchi wataziba matundu kwa vidole. Béhanzin, aliyepigana na Wafaransa, ana papa, yule samaki mkubwa wa baharini. Hazina 26 zilizoporwa mwaka 1892 Ufaransa ilizirudisha 2021.

Kwangu mimi, Abomey, labda iwe Januari.