Gemu za Hadithi za Bunilizi ya Kisayansi: Ipi Uinunue Kwanza

Mtu anayeingia dukani kutafuta gemu ya kuvaa uhusika yenye hadithi ya bunilizi ya kisayansi huvutwa kwanza na sayari na meli za angani zilizochorwa kwenye jalada, ilhali kitakachomkalisha mbele ya skrini wiki baada ya wiki hakionekani kwenye jalada lolote, nacho ni kama uamuzi anaoufanya leo utamrudia baadaye. Hicho ndicho kipimo nilichokitumia kuzipanga gemu hizi. Uzuri wa michoro, ukubwa wa ramani na utamu wa mapigano nimevipa nafasi ya pili, na bei nimeitazama sambamba na mashine, kwa sababu gemu ya dola 10 inayodai kompyuta usiyokuwa nayo si rahisi hata kidogo. Ijulikane pia mapema kwamba hakuna hata moja kati ya hizi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na kwamba zote zina maneno mengi, hivyo msomaji ambaye Kiingereza kinamsumbua atapata nusu tu ya alicholipia, hata akiwasha manukuu.

Nafasi ya kwanza naipa Mass Effect Legendary Edition, na siitoi kwa kusitasita. Ni mkusanyiko wa gemu tatu za kampuni ya BioWare ya Edmonton, Kanada, zilizotoka mwaka 2007, 2010 na 2012, kisha zikafanyiwa marekebisho na kutolewa kwa pamoja Mei 2021 kwa mashine za gemu za PS4 na Xbox One na kompyuta za Windows. Mwenye PS5 au Xbox Series ataicheza bila tatizo. Mchezaji anakuwa Kamanda Shepard, mwanamume mwenye sauti ya Mark Meer au mwanamke mwenye sauti ya Jennifer Hale (nami namshauri mgeni amchague huyu wa pili, kwa kuwa uigizaji wake una hisia zaidi tangu sehemu ya kwanza), anayeongoza kikosi cha wanadamu na viumbe wa sayari nyingine dhidi ya Reapers, mashine za kale zinazorudi kila baada ya maelfu ya miaka kuangamiza ustaarabu wote wa galaksi. Kisa chenyewe, kikisimuliwa hivi kwa kifupi, si cha ajabu. Kinachoitofautisha gemu hii na nyingine ni kwamba faili ulilohifadhi mwishoni mwa sehemu ya kwanza linaingizwa katika ya pili, na la pili katika ya tatu, likiwa limebeba majina ya walio hai na waliokufa, ahadi ulizozitimiza na watu uliowasaliti.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi jambo hilo linavyofanya kazi. Katika sehemu ya kwanza, kwenye sayari ya Virmire, mwenzako Wrex, shujaa mzee wa jamii ya krogan, anagundua kwamba adui mnayemfuatilia ana dawa ya jenofeji, yaani maradhi ya kutengenezwa ambayo kwa vizazi vingi yamewafanya krogan wapoteze karibu watoto wao wote kabla ya kuzaliwa. Wewe umetumwa kuibomoa maabara hiyohiyo. Wrex anakukabili ufukweni, bunduki zinaelekezeana, na namna ya kutoka pale inategemea mambo uliyoyafanya saa nyingi kabla: ulikuza kiasi gani uwezo wako wa kushawishi au kutisha, na iwapo ulikubali kwenda kumtafutia vazi la vita la ukoo wake, kazi ya pembeni ambayo wachezaji wengi huipita wakidhani ni ya kupotezea muda. Usipokuwa na lolote kati ya hayo, Wrex hatoki pale akiwa hai. Halafu miaka inapita, sehemu ya tatu inakupeleka Tuchanka, nyumbani kwa krogan, kuamua kama jenofeji iondolewe au ibaki, na hapo unatambua kwamba swali linabadilika uzito kulingana na nani anayewaongoza krogan, kwa sababu kumpa uzazi kiongozi mwenye busara kama Wrex si sawa na kumpa ndugu yake mwenye kiu ya vita. Sijaona gemu nyingine iliyojenga uamuzi mmoja kwa subira ya namna hiyo.

Pamoja na sifa hizo, ina kasoro ambazo mnunuzi lazima azijue. Kubwa kuliko zote iko katika mazungumzo yenyewe. Majibu yamepangwa kwenye duara, ya huruma juu na ya ukali chini, huku majibu yenye nguvu ya kushawishi yakiwekewa rangi ya samawati au nyekundu, na kwa kuwa unahitaji pointi nyingi za upande mmoja ili majibu hayo yafunguke, mchezaji hujikuta anachagua rangi badala ya kufikiri. Anayejaribu kuwa mtu wa kawaida, mpole leo na mkali kesho kulingana na jambo lililo mbele yake, huishia kukosa milango iliyofunguka kwa yule aliyeshika upande mmoja tangu mwanzo. Isitoshe, maneno machache yaliyoandikwa kwenye duara mara nyingine hayafanani na atakachotamka Shepard, na unaweza kuchagua jibu ukidhani unatania kumbe umemtukana mtu.

Kila sehemu ina maradhi yake pia. Ya kwanza ina kuta na maghala yanayojirudia sayari baada ya sayari, orodha ya vifaa iliyovurugika, na gari la Mako linalorukaruka milimani. Toleo jipya limelituliza gari hilo na kuboresha ulengaji wa silaha, lakini umri wa gemu bado unaonekana. Ya pili ndiyo bora kwa wahusika, na misheni yake ya mwisho, ambapo kila mwenzako anaweza kufa kutegemea kama umeupata uaminifu wake na umempa kazi gani, haijapitwa, ila inakulazimisha kuchunguza sayari kutafuta madini, kazi inayochosha hata baada ya kupunguzwa. Ya tatu ina nyakati nzito kuliko zote na mwisho uliowakasirisha mashabiki kiasi kwamba BioWare ilitoa nyongeza ya bure Juni 2012 ili kuupanua. Nyongeza hiyo imo humu. Hata hivyo, msingi wa lawama haukuondoka: baada ya mamia ya maamuzi madogo, mlango wa mwisho ni uleule kwa kila mtu, na njia zilizo nyuma yake ni chache mno. Kwa maoni yangu anayeikataa gemu yote kwa sababu ya dakika zile za mwisho anajinyima bure, lakini malalamiko yao ni ya haki.

Mkusanyiko huu una nyongeza zaidi ya 40 za hadithi, silaha na mavazi, zikiwemo zile ambazo zamani zililipiwa moja moja. Vilivyoachwa ni uchezaji wa pamoja wa mtandaoni wa sehemu ya tatu, pamoja na nyongeza ya Pinnacle Station ya sehemu ya kwanza, ambayo msimbo wake ulikuwa umeharibika. Ilitoka kwa dola 60, lakini wakati wa punguzo mara kwa mara imeshuka chini ya dola 10, kwa hiyo mwenye kompyuta hana sababu ya kulipa bei kamili. Kompyuta yenyewe inahitaji RAM ya GB 8, kadi ya michoro ya kiwango cha GTX 760 kwenda juu, na nafasi ya GB 120. Kiasi hicho cha data kwa anayetegemea bando la simu ni mzigo, ndiyo maana kwa mwenye PS4 ninapendekeza diski, ambayo pia anaweza kuiuza akimaliza. Na asianzie sehemu ya pili. Ndani ya toleo hili kuna katuni fupi inayofupisha sehemu ya kwanza na kukuuliza maamuzi makuu, lakini kumchagua kwenye katuni mtu usiyewahi kupigana naye bega kwa bega hakuna maana yoyote.

Nafasi ya pili inakwenda kwa gemu ndogo mno, Citizen Sleeper ya mwaka 2022, na wapo watakaonilaumu kwa kuiweka juu ya majitu. Unacheza kama nakala ya akili ya mwanadamu iliyotiwa kwenye mwili wa bandia unaomilikiwa na kampuni, na umetoroka hadi kituo chakavu cha angani kiitwacho Erlin's Eye. Mwili wako umetengenezwa uoze usipopata dawa ya kampuni hiyo. Kila siku inapoanza unarushiwa dadu, tano ukiwa mzima na chache zaidi kadiri hali inavyozorota, na kila dadu unaitumia kwa kazi moja: kubomoa vyuma chakavu, kupika kwenye mgahawa, au kufanya kibarua kwenye meli ya walowezi pamoja na Lem, baba anayehangaika kumpatia binti yake Mina nafasi ya kuondoka. Yeyote aliyewahi kuhesabu nauli na chakula asubuhi kabla hajatoka nyumbani ataielewa gemu hii upesi. Haina sauti za waigizaji, ni maandishi matupu yenye Kiingereza cha kifasihi, na ikifika katikati ugumu wake unalegea kwa kuwa fedha na dadu hutosha kwa kila kitu. Lakini inakwenda kwenye kompyuta mpakato ya kawaida ya ofisini, ilitoka kwa dola 20, na nyongeza zake tatu ni za bure.

Cyberpunk 2077 ya CD Projekt Red ya Poland ndiyo ya tatu, nayo inahitaji onyo. Ilipotoka Desemba 2020 ilikuwa mbovu kiasi kwamba Sony iliiondoa kwenye duka lake la mtandaoni hadi Juni 2021. Masahihisho ya toleo la 2.0 ya Septemba 2023 yaliifanya karibu gemu nyingine, na nyongeza ya Phantom Liberty, iliyotoka mwezi huohuo, ni kati ya hadithi bora za ujasusi katika gemu zozote. Hayo yote yaliihusu PS5, Xbox Series na kompyuta. Mwenye PS4 hakuyapata, na ndiye anayeuziwa diski kwa bei ya kuvutia. Jiji la Night City linapumua, na uigizaji ni wa hali ya juu. Kwa kipimo changu, hata hivyo, asili unayomchagulia mhusika wako V mwanzoni hubadilisha sehemu fupi ya ufunguzi na mistari kadhaa ya mazungumzo, na maamuzi mengi huonekana matunda yake pale tu hadithi inapofikia tamati. Mwenye kununua diski ahakikishe kwamba eneo lililoandikwa juu yake linalingana na nchi ya akaunti yake, kwani diski ya Ulaya na nyongeza iliyonunuliwa kwa akaunti ya Marekani huenda visikubaliane.

Mwenye simu tu asikate tamaa. Star Wars: Knights of the Old Republic, kazi ya BioWare ya mwaka 2003, iliingia kwenye iPad mwaka 2013 na Android mwaka 2014, ikauzwa kwa dola 10 bila matangazo wala manunuzi ya ndani. Mapigano yake hufuata kanuni za dadu na yanaweza kusimamishwa wakati wowote ili utoe amri, jambo linaloufaa uso wa simu, na katikati ya hadithi kuna ufunuo ambao sitauharibu. Uzuri na ubaya wake umechorwa kwa rangi mbili tu: ama wewe ni mtakatifu, ama unamnyang'anya maskini pesa bila sababu. Maandishi kwenye kioo kidogo nayo yanaumiza macho.

The Outer Worlds ya Obsidian, ya mwaka 2019, naiweka ya tano. Dhihaka yake juu ya makampuni yanayomiliki hadi makaburi ya wafanyakazi inachekesha kweli, na uamuzi wa mwanzo, wa kuukatia umeme mji wa Edgewater au kuwakatia waliouhama, ni mgumu kwa kuwa pande zote mbili zina haki. Baada ya hapo gemu haifikii tena kina hicho, na silaha zinafanana. Ukiinunua, chukua toleo la awali. Lile lililopewa jina la Spacer's Choice lilitoka mwaka 2023 likiwa na matatizo ya kukwama.

Starfield ya Bethesda, ya mwaka 2023, ina sayari zaidi ya 1,000 na sababu chache za kuzitembelea. Mtu anayependa kujenga meli ataifurahia, ila kwa anayetafuta hadithi pesa yake ina matumizi bora.

Mwisho kabisa ni Mass Effect: Andromeda ya Machi 2017, ambayo wauzaji hupenda kuisifu kwa sababu ya jina. Mapigano yake, kwa kweli, yanaushinda mkusanyiko wa kwanza, hasa urukaji wa kutumia jeti mgongoni. Lakini nyuso za wahusika zilichekwa duniani kote ilipotoka, na baada ya mapokezi hayo mabaya hakukutolewa nyongeza yoyote ya hadithi wala sehemu ya pili. Ina maana kwamba meli ya quarian, jamii nyingine ya viumbe, ambayo gemu inakudokezea kuwa iko mahali fulani ikihitaji msaada haitafikiwa humo, na kila ahadi utakayomwekea mtu kwenye galaksi ile inakatikia hapohapo.