Traxxas Slash kwenye mchanga wa Tabora: uzoefu wangu

Nianze na jibu, maana kila anayeliona gari langu la rimoti huuliza kwanza kama linafaa kwa mchanga wetu: ndiyo, Traxxas Slash linafaa, na leo hii ningelinunua tena. Ninalo tangu 2016, lile linalovuta kwa magurudumu ya nyuma tu, mota ya brashi, ile aina rahisi ya kizamani. Limekimbia njia ya Kwihara kiangazi na masika, na bado kila Jumapili jioni linatoka.

Kwa wasiolifahamu, ni gari la rimoti la kipimo cha 1/10, limeigwa kutoka zile pikapu za mbio za nyikani za Marekani. Lilianza kuuzwa 2008. Lina urefu wa zaidi ya nusu mita na uzito wa kilo 2 na ushee. Bei yake huko kwao ni zaidi ya dola 200 kabla hujagusa usafiri na ushuru, kwa hiyo usilifananishe na yale ya plastiki yanayouzwa na midoli, ambayo waya ukikatika ndiyo basi. Hili limefungwa kwa skrubu mwanzo mwisho. Ukiwa na alenki za 2.0 na 2.5 mm unalifumua karibu lote mezani na kulirudisha, na kila kipande kina namba yake na kinauzwa peke yake. Kwangu hiyo ndiyo thamani yake yote. Tabora hakuna duka la vitu hivi. Kinachoharibika ninakiagiza, ndugu yangu aliyeko Dar anakipokea, basi linaleta, gari linatembea. Mkono wa mbele unaobeba gurudumu ukigonga mzizi wa mwembe kwa kasi utavunjika tu, na hapa kwetu miembe haiishi, kwa hiyo pea moja ya mikono huwa iko kwenye droo muda wote.

Sasa mchanga. Wa kwetu ni laini na mkavu, unapenya hata pale usipodhania. Wa kwanza kuumia ni beringi. Za magurudumu ni za 5 kwa 11 kwa 4 mm, saizi ya kawaida kabisa kwenye magari haya. Mimi nikirudi nyumbani nanyanyua gari, nazungusha gurudumu kwa kidole huku nimelisogeza sikioni. Likizunguka kimya, sawa. Ukisikia linasaga, fungua. Beringi yenye mfuniko wa mpira haitupwi: chukua sindano ya kushonea, ingiza ncha pembeni mwa mpira, uinue taratibu usiupinde, osha ndani kwa petroli mpaka itoke safi, iache ikauke, weka grisi kidogo, rudisha mpira wake. Zangu kadhaa zimefufuka hivyo zaidi ya mara moja.

Mchanga pia unaitesa mota. Gari linatoka kiwandani na gia ndogo ya meno 19 inayozungusha gia kubwa ya meno 86, mpangilio mzuri kwa sehemu ngumu. Kwenye mchanga mzito mota inavuta kwa shida na inachemka. Nilishusha gia ndogo mpaka meno 16. Kasi ya mwisho imepungua kidogo, lakini mota sasa naweza kuishika baada ya betri nzima kwisha, na gari linaondoka na nguvu zaidi. Ukifanya badiliko moja tu kwenye gari lako, fanya hili. Kuhusu shokapu, kaeni na oili ya silikoni. Oili ya cherehani inatokana na petroli, na oili za aina hiyo huvimbisha oringi za silikoni, zile pete zinazozuia oili isivuje.

Bodi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Bodi za magari haya ni za polikaboneti, plastiki nyembamba inayonyumbulika, na kwa jinsi yanavyopinduka, kingo hupata nyufa. Niliipeleka kwa fundi viatu pale karibu na soko. Aliigeuza, akapitisha kidole kwenye ufa, akasema, "Mwalimu, niachie mpaka kesho." Alikata vipande vya chandarua chakavu, akavilaza ndani juu ya gundi ya viatu, akapaka gundi nyingine juu. Ikikauka inabaki na unyumbufu, haichaniki tena pale. Tangu hapo kila bodi mpya inapita kwake kwanza, kabla ya gari kuona vumbi.

Rangi ni habari nyingine. Bodi hupakwa kwa ndani, ili kinachokwaruzwa nje kiwe plastiki na si rangi. Maana yake unapaka kinyumenyume: kile kinachoonekana juu ndicho kinaanza. Nilitaka jina UNYANYEMBE, lile la utawala wa zamani wa huku Tabora, ubavuni, kwa herufi kama zile za nyuma ya malori yanayobeba marobota ya tumbaku, nikamfuata mwandika mabango. Ilibidi aandike kwa kugeuza, kuanzia kulia kwenda kushoto. Nilimpelekea kioo, hakukigusa. Aliandika kwa brashi nyembamba, nyeusi, mkono haukutetemeka. Zikakauka, tukapiga njano juu yake, mwishowe nyeupe nyuma ya njano ili ing'ae. Kisha tukabandua ile nailoni ya nje inayokinga bodi, na jina likatokea limenyooka. Nilikaa nalo sebuleni jioni nzima. Tumieni rangi ya polikaboneti tu. Ya kawaida ya kupuliza hubanduka bodi ikinyumbuka.

Kitu kingine kuhusu bodi: magari yote ya aina hii hukusanya upepo chini ya bodi yanaporuka, pua inanyanyuka. Toboa matundu mapana upande wa nyuma, hewa itoke.

Betri. Ya nikeli ya volti 8.4 inatosha na haina masharti mengi. Lipo, yaani betri ya lithiamu-polima, ya seli mbili ni nyepesi na ina nguvu zaidi, ila seli isishuke chini ya volti 3. Kidhibiti mwendo cha XL-5 kina ulinzi wa hilo: taa ya kijani maana yake ulinzi umewashwa, nyekundu umezimwa. Angalia taa kabla ya kuondoka. Chaja za magari haya nyingi zinakubali volti 12, hivyo umeme ukikatika nachaji kwa betri ya sola. Kuna muuzaji aliniuzia chaja ya bei chee isiyosawazisha seli, yaani isiyozifikisha kwenye volti sawa, ikanivimbishia lipo nzuri kabisa. Lipo ya seli mbili ichajiwe na chaja inayosawazisha, basi.

Mpwa wangu wa darasa la nne huendesha pia. XL-5 ina mpangilio wa mazoezi unaopunguza nguvu kwa nusu: shikilia kitufe, taa nyekundu ikimeta mara tatu, achia. Alianza hivyo, na sasa ananiambia, "Mjomba, rudisha nguvu zote." Narudisha uwanjani tu, si barabarani.

Masika msiogope. Vifaa vyake vya umeme vimekingwa maji. Ukirudi, kausha beringi usiku uleule.

Wengi hunishauri nihamie toleo la 4x4 kwa sababu ya mchanga. Ni kweli mchanga ukiwa mzito sana hili langu huchimba na kukaa. Lakini 4x4 ina difu mbili na shafti zaidi, na kila kimoja ni kipande cha kuagiza. Nabaki na hili. Ukiagiza la kwako, weka ndani ya mzigo uleule mikono ya mbele pea moja, beringi seti moja na gia ya meno 16, maana usafiri wa kifurushi kidogo peke yake unaweza kuzidi bei ya vitu vyenyewe.