Kitabu cha historia cha shule: cha dunia nzima, ila pale mtoto alipo pamesahaulika

Nimekaa na hiki kitabu muhula mzima, mi na binti yangu mezani karibu kila jioni, kwa hiyo nachoandika hapa sio maoni ya mtu aliyefunua kurasa mbili akakirudisha. Jina lake naliacha. Ni kile kinene chenye sura 14, sura 12 za kwanza zote historia ya dunia, alafu mbili za mwisho ndo "historia ya mahali unapoishi". Mwalimu hakuzifikia, muhula ukaisha. Hapo ndo tatizo langu linapoanzia.

Mi nasema wazi, shule zianze na pale mtoto alipo. Dunia ifuate, na ifundishwe vizuri kabisa, lakini mtoto ambae hajawahi kujiuliza kitu anachokiona kila siku kimetoka wapi, ukimpa tarehe za mbali atazikariri tu, mtihani ukipita zimepotea zote.

Chukua sura ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Imeandikwa vizuri, sitakidhulumu kitabu, inaanzia Sarajevo, alipouawa mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria-Hungaria, tarehe 28 Juni 1914 na mtoto anaona jinsi nchi moja ilivyoivuta nyingine mpaka moto ukawaka kote. Alafu inafunga tarehe 11 Novemba 1918, basi. Wakati Afrika Mashariki vita havikuisha siku hiyo, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku, alisalimisha jeshi lake Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baadae! Na wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi porini wakafa kwa maelfu na maelfu, wengi kwa njaa na magonjwa, hawajapewa hata mstari mmoja. Sasa hiyo inaitwaje historia ya dunia? Ukiiangalia vizuri nayo ni historia ya mahali, ila mahali pa watu wengine.

Ramani ya Mkutano wa Berlin, ule wa wakubwa wa Ulaya kuhusu kugawana Afrika, imenikera zaidi. Mipaka yote ya Afrika imechorwa, chini wameandika 1884-1885, yaani mtoto anaondoka akijua wakubwa walikaa kikao kimoja na rula wakamaliza kazi. Mkutano ule uliweka masharti ya namna ya kudai maeneo, mipaka mingi ilikuja kupangwa baadae kwa mikataba, kama ile ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 na 1890. Mtoto anaeanza kwa kuulizwa mpaka ulio karibu nae ulichorwa lini na nani asingedanganyika na ramani kama hii.

Sasa niseme kilichonifurahisha. Sura ya homa ya mafua ya 1918 ina kiboksi kidogo mwishoni, "Uliza mtu mzima: janga gani analikumbuka, na amejuaje ni mwaka gani?" Kitabu kizima kiboksi cha namna hiyo ni hicho kimoja tu. Binti akamfuata bibi yake, bibi akasema mafuriko, mwaka haujui ila anakumbuka mdogo wake alikuwa ndo anaanza kutambaa. Basi wakatafuta cheti cha huyo mdogo mtu, wakahesabu miezi, binti akaandika mwaka kwa penseli, akafuta, akaandika mwingine, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Kesho yake akafungua kitabu akaniuliza, "na hawa wa 1918 wamejuaje?" Nilifurahi sana. Tukasoma upya, na safari hii akashika kwa nini iliitwa homa ya Kihispania, kwamba Hispania haikuwa vitani kwa hiyo magazeti yake yaliandika ugonjwa waziwazi, wakati nchi zilizokuwa vitani zilibana habari. Mara ya kwanza tulikipita hicho kipengele kama hakipo.

Hizo sura mbili za mwisho nilizisoma mwenyewe, na wale wanaotaka historia ya mahali peke yake naomba wazisome pia. Majina ya viongozi na tarehe za kufungua majengo, sifa mwanzo mwisho, kama vile hakuna mgeni aliyewahi kupita. Wameandika kabisa kwamba wenyeji walilima mahindi "tangu enzi na enzi", wakati mahindi asili yake ni Amerika, na huku kwetu upande wa pili wa bahari yalifika baada ya 1492, Columbus alipofika huko! Wangeweza kuanza na kitu kama zile sarafu za Kilwa zilizookotwa 1944 kwenye visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, nne za Kiholanzi zikiwa pamoja nazo. Mpe mtoto sarafu moja tu ya hivyo aifuatilie, ataanzia pwani ya Kilwa na bahari yote ya Hindi ataimaliza mwenyewe.

Nakipa nyota 3 kati ya 5. Lugha ni nyepesi, picha zinaonekana vizuri, maswali ya mwisho wa sura ni ya kukariri mno. Kama shule yenu inakitumia, muombeni mwalimu aanze na sura ya 13 hata kama ina mapungufu, na ile ya mafua isomeni nyumbani bibi au babu akiwepo. Jalada la mbele litieni gundi mapema, letu liliachia mwezi wa kwanza tu.