Uchambuzi: "Lipa Bili" ya Simu Yako Tunaipima Kabla na Baada ya Namba ya Siri

Haya jamani, karibuni. Leo mezani hakuna boksi la kufungua. Bidhaa ninayoichambua unayo tayari, iko kwenye hiyohiyo simu unayonitazamia: ile sehemu ya programu ya pesa iliyoandikwa "Lipa Bili". Iwe programu ya mtandao wa simu, iwe ya benki, yoyote ile. Ifungue twende pamoja. Kama simu ni moja na ndiyo unayonitazamia, sikiliza kwanza, utapima baadaye.

Najua kwenye maoni mtaniuliza, mbona hutaji ipi kali? Sitaji kwa sababu hizi programu zinasasishwa kila kukicha. Nikikwambia leo kitufe kiko chini kulia, wiki ijayo kimehamia juu na rangi wamebadilisha. Nakupa vipimo, upime mwenyewe. Na msimamo wangu nauweka mezani mapema: kuna skrini mbili tu zinazonifanya niisifu au niiponde sehemu ya kulipa bili. Ya kwanza ni ile inayokuja kabla hujaweka namba ya siri. Ya pili ni ile inayokuja baada ya hela kukatwa. Mengine yote ni mapambo, na mapambo wote wanayajua: taa ya umeme, bomba la maji, king'amuzi, kofia ya mhitimu kwa ada ya shule. Picha zinapendeza, hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanza ukishagusa hiyo taa. M-Pesa imeingia Tanzania mwaka 2008, na mpaka leo ukipiga *150*00# unapita njia ileile tuliyoizoea: lipa, namba ya kampuni, kumbukumbu namba, kiasi, namba ya siri. Kwa simu ya kitochi hiyo ni kazi nzuri sana, tena naiheshimu, maana haihitaji bando wala simu ya bei. Lakini programu ya simu janja inayokuuliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule, huo si ubunifu. Hiyo ni menyu ya nyota iliyopakwa rangi. Kwa nini mimi mteja nijue namba ya kampuni ya umeme? Nimegusa taa, si ndiyo nimeshasema ni umeme?

Haya, tuje kwenye namba. Namba ya mita ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, ina tarakimu 11. Sasa hapa kuna jambo wengi hawalijui, na ndilo linalonifanya niwe mkali. Ile tarakimu ya 11, ya mwisho kabisa, haikuwekwa tu ijaze nafasi. Inakokotolewa kutoka kwenye zile 10 zilizotangulia. Ndivyo zilivyo namba za mita za mfumo huu wa tokeni, zile tarakimu unazopewa ukilipa uziingize kwenye mita, unaotumika nchi nyingi, na kadi za benki zinatumia hesabu ya aina hiyohiyo. Maana yake ni kwamba ukikosea tarakimu moja, hesabu inagoma. Ukigeuza mbili zilizofuatana, ukaandika 41 badala ya 14, inagoma pia, isipokuwa ukigeuza 09 ikawa 90, hiyo inapita. Kwa hiyo programu inaweza kukushtua papo hapo, kidole hakijaondoka kwenye kioo, bila hata kuuliza mtandao: "Kaka, hii namba angalia tena."

Jaribu yako. Andika namba ya mita yako, geuza tarakimu mbili za katikati zinazofuatana na zisizofanana, halafu endelea. Usiweke namba ya siri lakini, tafadhali! Ikikuruhusu kufika hadi kwenye kiasi bila kusema neno, hapo ujue waliotengeneza hawakujisumbua.

Kipimo kinachofuata ni jina. Kabla ya namba ya siri, je, inakuonyesha jina la mwenye mita? Hapa nawasifu wa serikali, na huwa siwasifu ovyo. Mfumo wa malipo wa serikali, GePG, ulioanza kazi mwaka 2017, umetuzoesha kitu kizuri. Unaandika kontrol namba yenye tarakimu 12, na kabla ya chochote inarudi bili yenyewe: taasisi gani, jina la mlipaji, kiasi gani. Hujaandika kiasi, hujaandika sababu, namba moja imebeba yote. Ukiona jina si lako unarudi nyuma, hela yako ipo. Majirani zetu Kenya, umeme wa tokeni wanalipia Paybill, ndiyo namba ya kampuni kwao, 888880, na pale kwenye akaunti unaandika namba ya mita. Kwenye menyu ile ya kawaida unachothibitishiwa ni jina la kampuni inayopokea. Sawa, kampuni ndiyo yenyewe, lakini mita ni ya nani? Huwezi kujua kampuni imepokea kwa ajili yako au kwa ajili ya mtu wa Kisumu usiyemfahamu. Jina la kampuni peke yake halitoshi, nataka jina la mwenye bili.

Na hilo jina liandikwe kubwa. Kuna programu zinaandika kiasi kwa herufi kubwa kama bango la barabarani, jina la mwenye mita liko chini, dogo, la kijivu. Mimi kiasi nimekiandika mwenyewe sasa hivi, nakijua. Nisichokijua ni jina.

Sasa kiasi. Hapa ndipo watu wanapogombana na mawakala bure. Mtu anaweka 10,000, anarudi analalamika, "Mbona uniti zimepungua? Nimeibiwa." Twende kwenye hesabu. Mteja wa kawaida wa nyumbani, yule wa kundi la bei la T1, uniti moja ni shilingi 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Jumla uniti inakufikia kwa shilingi 356 na senti kidogo. Ndiyo maana 10,000 inakupa uniti 28.1, hiyo namba wengi mnaifahamu kwa kichwa. Lakini tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida, tangu kiwango kilipopandishwa mwaka 2023, ni 1,500 kwa mwezi. Kwa hiyo manunuzi yako ya kwanza ya mwezi, katika 10,000, umeme unabaki wa 8,500, na uniti zinashuka hadi kama 23.9. Hakuna aliyeibiwa. Ila hakuna aliyeambiwa pia! Anakuja kuambiwa kwenye risiti, hela zimeshakwenda.

Hebu fikiria skrini ya uthibitisho ikikwambia hivi: "Unalipa 10,000. Kodi ya jengo 1,500. Utapata takriban uniti 23.9." Maneno machache tu, na nusu ya simu za malalamiko hazipigwi. Mtaniambia viwango vinatofautiana, na kweli, yule wa D1, mteja wa matumizi madogo, analipa 100 kwa uniti hadi uniti 75 za mwezi, akizidisha anapandishwa hadi 350. Wengine wana deni linalokatwa kidogo kidogo. Sawa, basi mfumo wa kampuni ya umeme uulizwe, ujibu kwa mita hiyo. Kama unaweza kurudisha jina, unaweza kurudisha na deni.

Haya, umeweka namba ya siri. Skrini ya pili. Hapa naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndipo hela zinapopotelea.

Ukibonyeza "Lipa", ombi lako haliendi moja kwa moja kwenye umeme. Linatoka kwenye simu kwenda kwa mwenye pochi ya pesa, mara nyingi linapita kwa kampuni ya kati inayounganisha walipaji na wauzaji, ndipo lifike kwa mwenye bili, halafu jibu lirudi njia hiyohiyo. Likikwama popote, hela yako imeshatoka na tokeni haijaja. Sasa programu nyingi zinakupa sentensi moja tu: "Muamala wako unashughulikiwa." Unashughulikiwa na nani? Mpaka saa ngapi? Nifanye nini? Mtu yuko gizani, watoto wana mtihani kesho, anabonyeza tena. Baada ya robo saa zinaingia tokeni mbili na salio limekauka.

Mbunifu mwenye akili anafanya hivi: ukianza malipo, programu inaliwekea ombi hilo namba yake moja ya kumbukumbu. Mtandao ukikatika ukabonyeza tena, inapeleka namba ileile, na kule upande wa pili wanaona, aah, hili tunalo tayari, hakatwi tena. Wahandisi wanalijua hili zamani, si jambo geni. Kwa mteja linatakiwa lionekane kama hali tatu zinazosomeka: imekamilika, na tokeni hii hapa; imeshindikana, na hela imerudi; bado, usilipe tena, tutakujulisha. Hayo maneno mawili, "usilipe tena", nikiyakuta kwenye programu yoyote naipa alama zote za ukurasa huo. Hayagharimu kitu.

Kuna kampuni moja, jina nalihifadhi, niliwahi kukatwa hela ya bili na tokeni ikagoma kuja. Huduma kwa wateja wakaniomba niwasomee namba ya muamala. Namba yenyewe iko ndani ya programu, kwenye historia, herufi na tarakimu zimechanganyika, na haikubali kunakiliwa. Nasoma "O kama Oman, hapana, sifuri," huku dakika zinakwenda. Kitufe cha kunakili ni kazi ya nusu siku kwa mtengenezaji programu, jamani.

Tokeni nayo. Tarakimu 20. Namna ya kuionyesha ni kuigawa tarakimu nne nne, kwa maandishi makubwa, na skrini isizimike wakati mtu yuko kwenye kibox cha mita anaingiza. Nyie mnajua ile hali: simu mkono wa kushoto, kidole cha kulia kwenye vitufe vya mita vilivyochakaa, umefika tarakimu ya 13, kioo kinazima. Unakiwasha, inaomba alama ya kidole, umesahau ulipoishia, unaanza upya. Na mwaka 2024 mambo yalikuwa makubwa zaidi, maana mita nyingi za mfumo huu duniani zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba. Uliponunua umeme mara ya kwanza wakati wa zoezi hilo ulipokea tarakimu 60, makundi matatu ya 20, uyaingize kwa mpangilio: mawili ya mwanzo ya kuboresha mita, la tatu ndilo umeme. Ujumbe ulikuja kama uzi mmoja mrefu, wazee wetu wakaanza na la tatu, mita ikakataa. Skrini yenye namba 1, 2, 3 na kisanduku cha kutia tiki ingewaokoa wengi.

Halafu hili nalisema kwa sauti ya chini kidogo. Ukimnunulia umeme mama kijijini, unafanyaje? Unachukua ujumbe wa malipo unamrushia WhatsApp. Na mwisho wa ujumbe pameandikwa nini? Salio lako! Mama anajua, shangazi anajua, jioni unapigiwa simu ya mchango wa harusi. Programu iwe na kitufe cha "Tuma tokeni" kinachotuma tokeni, uniti na jina la mita, basi. Salio libaki kwako.

Nyumba za kupanga ndizo zinazonisikitisha zaidi, kwa sababu hakuna anayezifikiria. Mita moja, wapangaji sita, kila mtu anachanga. Dada wa chumba cha mbele ana friji, kijana wa uani ana balbu moja na chaja, na kila wiki ni kelele za nani hajatoa. Sijaona sehemu ya kulipa bili iliyokaa chini ikaliangalia hilo: mita moja ihifadhiwe na watu kadhaa, kila mmoja atoe sehemu yake kutoka simu yake, wote waone nani ametoa na tokeni iwafikie wote. Wabunifu wanachora mtu mmoja, nyumba moja, mshahara mwisho wa mwezi. Waende Manzese, Dar es Salaam, wakakae siku moja uani.

Malipo ya kujirudia yenyewe kila mwezi siyapendi kwa kipato cha siku kwa siku. Bodaboda anakatwa hela ya king'amuzi asubuhi, hana ya mafuta. Kumbusho linatosha, aamue mwenyewe. Na kwenye king'amuzi nina ombi dogo: malipo yakikamilika, mwambieni mteja awashe king'amuzi na akiache kimewaka, maana amri ya kufungua inakuja kukiwa kimewashwa. Wengi wanakizima wakisubiri, kisha wanapiga simu kulalamika.

Haya, kazi kwako. Pima yako: tarakimu zilizogeuzwa, jina la mwenye bili, makato kabla ya namba ya siri, hali tatu, tokeni isiyozimika. Andika hapo chini programu yako imepita mangapi. Ikiwa yako inasema "usilipe tena", nitajie jina lake, hiyo nitaipakua leo.